Maji ya Kichwani

Jambiani hakuna mto. Upande ule wote wa mashariki ya Unguja, kuanzia Chwaka kushuka hadi Makunduchi, ni jiwe la matumbawe lenye udongo haba juu yake, na mvua ikinyesha haikai juu ya ardhi. Huzama kwenye nyufa ikenda kulala chini. Sisi tuliolelewa huko tuliyajua maji kuwa ni kitu cha kufuatwa chini: kisimani, na visima vikipungua, pangoni.

Nilipopata fahamu zangu, wanawake wa mtaani kwetu walikuwa bado wanateka pangoni kila kiangazi kinapokaza. Njia ilipita uwandani, kwenye mawe makali yanayokata nyayo, nasi watoto wa kike tulifuata nyuma na vindoo vyetu na ngata za vipande vya kanga. Ndani ya pango palikuwa baridi. Mizizi ya mtini ilining'inia kutoka juu ikiyafuata maji, na popo walijaa darini. Viatu vilivuliwa mlangoni. Sabuni haikushuka kabisa. Hakuna aliyefua wala kuoga mle, na anayeteka hakutumbukiza ndoo yake. Aliiweka juu ya jiwe akaijaza kwa kata ya kifuu, taratibu, akichota juu juu, ili asiwatibulie walio nyuma yake.

"Chota juu, mwanangu, usichimbe," bibi alikuwa akiniambia. "Chini ni ya bahari."

Watu wazima walisema pango lina wenyewe, na wenyewe hawataki uchafu. Baadaye, skuli ya sekondari, nilikutana na wenzangu waliokuwa wakicheka mambo ya mizimu, na kila mtu ana imani yake. Lakini mimi nilikuwa nimeona kanuni zile zikifuatwa bila askari, bila bango na bila faini, na maji yakabaki safi, jambo ambalo sijaliona tena tangu zije kamati na mabango. Na lile neno la bibi nililikuta kwenye somo la jiografia. Chini ya kisiwa cha matumbawe, maji ya mvua huelea juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi zaidi. Kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari huwa na takriban mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Ukiyavuta kwa pupa hata ile mita ya juu ikapungua, maji ya chumvi hupanda kutoka chini kwa hesabu hiyo hiyo. Bibi hesabu hiyo hakuijua, ila kata yake ilikuwa ikiifuata.

Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 kichwani. Nalisema hili mapema kwa sababu wengi wanaosimulia habari za zamani huzipamba, wakafanya kama watu wa wakati ule walikuwa na hekima ya kuzaliwa nayo. Tulikuwa wabanaji wa maji kwa kuwa yalikuwa yanaumiza shingo. Na shingo zenyewe zilikuwa za wanawake na wasichana. Mwanamme aliyeonekana na maji alikuwa na gari la ng'ombe na madebe yake, na huyo alikuwa akiuza. Wapo wasichana niliosoma nao darasa moja ambao kiangazi kikiingia waliachwa nyuma na masomo, kisha wakayaacha kabisa. Mtu akinambia turudi kule, namjibu arudi yeye, na ndoo yake.

Hata hivyo namna tulivyoyatumia yakishafika nyumbani, hiyo naikumbuka kwa heshima.

Maji ya kunywa yalikuwa mtungini, kwenye kona yenye kivuli, na kata yake haikutumika kwa kazi nyingine. Maji ya kazi yalikuwa kwenye pipa uani. Kati ya vyombo hivyo viwili palikuwa na utaratibu ambao hakuna aliyetukalisha kutufundisha. Mtoto aliupata kwa kukemewa. Maji yaliyooshea mchele walinyweshwa kuku na mbuzi. Maji ya kuoshea samaki yalimwagwa kwenye shina la mdimu. Vyombo vilisuguliwa kwanza kwa jivu na kumbi la nazi, vikiwa vikavu, masizi na mafuta yakatoka yote kabla ya tone la maji kuguswa. Ndipo vikapitishwa kwenye beseni la kwanza, kisha la pili. Beseni la pili likisha kazi lilikuwa bado safi kiasi, kwa hiyo mzigo uliofuata wa vyombo ulianza nalo. Nimeosha vyombo vya shughuli ya watu wengi kwa ndoo ambazo leo hazimtoshi mtu mmoja kusafisha sufuria za chakula cha mchana, mfereji ukiwa wazi muda wote.

Kufua ndiko kulikotutesa. Maji ya kisima cha karibu na pwani yana chumvi na chokaa, na sabuni haitoi povu. Tulifulia maji hayo ya chumvi, kisha suuzo la mwisho ndilo likapewa maji baridi. Nguo za ndani na za watoto wachanga ndizo zilizopata baridi mwanzo hadi mwisho. Kanga na mashuka yalistahamili.

Nyuma ya choo cha uani, pale maji ya kuogea yalipotokea, palikuwa na majimbi, migomba na mpapai mmoja. Hakuna aliyeimwagilia mimea ile hata siku moja. Kila mtu akioga, inapata. Karibu na karo ya vyombo palikuwa na mrehani na mwasumini wa mama, naye alikuwa mkali ukimwaga maji ya sabuni nyingi upande huo. Kwa hiyo hata karo ilikuwa na njia mbili, kijito cha kushoto na cha kulia, na jiwe la kuzibia. Wataalamu wa siku hizi wanachora michoro ya kutumia tena maji ya jikoni na bafuni, na michoro ni mizuri. Kwetu kazi hiyo ilifanywa na jiwe.

Kwenye chuo cha Kurani nako maji yalikuwa na somo lake. Maalim wetu alitusimulia Hadithi ya Anas, iliyomo katika Bukhari, kwamba Mtume alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji na akioga kwa pishi moja hadi vibaba vitano. Kibaba hicho hakifiki lita moja. Maalim hakuishia kusimulia. Alikuja na kopo, akaketi mbele yetu kwenye kibao akatawadha kwa kopo hilo moja, viungo vyote, kila kimoja mara tatu, na likabaki tone la kutuonyesha. Kisha akatuita mmoja mmoja. Wengi tulimaliza maji kabla ya kufika miguuni, na darasa zima likacheka. Nimewahi kusimama kwenye misikiti yenye mifereji safu nzima, upande wa wanawake, nikaangalia jinsi maji yanavyotiririka mtu akiwa anavua saa na kukunja mikono ya baibui. Maalim yule angeumwa.

Masika yalibadilisha kila kitu. Nyumba nyingi zilikuwa za makuti, na maji ya paa la makuti hutoka na rangi ya chai. Hayo yalikuwa ya kuogea na kufulia tu. Waliokuwa na bati walifunga mlizamu kwa waya, wakauelekeza pipani. Mvua ya kwanza ya msimu haikukingwa. Iliachwa ioshe bati kwanza, vumbi la miezi na kinyesi cha ndege viondoke, na sisi watoto tukaitumia kwa kuoga uchi barazani. Mvua ya pili ndiyo iliyoingia pipani, kitambaa kikiwa kimefungwa mdomoni mwa pipa. Mwenye bati aliwapa majirani, na mwenye makuti alilipa kwa kitu kingine, nazi au samaki, siku yake. Hakukuwa na daftari.

Kuhusu taka sina mengi. Takataka zenyewe zilikuwa chache. Samaki aliletwa kwenye pakacha la makuti mabichi, na pakacha likisha kazi lilitiwa motoni au likaoza chini ya mgomba. Makumbi yalizikwa kwenye mchanga wa pwani miezi kadhaa yakawa usumba, na usumba ukawa kamba, kamba ile ile iliyoshusha ndoo kisimani. Mifuko ya plastiki ilikuja nikiwa nimeshakuwa msichana mkubwa, nayo tulivyoipenda! Tuliifua na kuianika kama nguo. Zanzibar iliipiga marufuku mwaka 2006, Bara wakafuata tarehe 1 Juni 2019, na kila mtaro wa mjini ulikuwa umeshaniambia kwa nini.

Kisha nikaolewa nikahamia mjini.

Mji wa Unguja una historia nyingine na maji. Tangu enzi za Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, maji ya chemchem za upande wa Bububu yaliletwa mjini kwa mifereji, na baada ya Mapinduzi watu walikaa miaka mingi bila kuyalipia. Mimi niliyetoka Jambiani, mwezi wa kwanza nilikuwa nikifungua mfereji na kuusikiliza. Sikuchukua muda kuzoea. Mkono ni mwepesi kusahau, na nyumba niliyoingia ilikuwa na bomba la mvua bafuni, choo cha kuvuta na sinki la jikoni lenye mifereji miwili. Wifi zangu walikuwa wakiacha maji yakimwagika huku wakienda kufungua mlango, wakisalimiana na mgeni mpaka mwisho wa salamu, na salamu za Unguja mnazijua.

Halafu likaja giza. Mwaka 2008, kuanzia mwezi wa Mei, kisiwa kilikaa karibu mwezi mmoja bila umeme kwa hitilafu ya laini inayotoka Bara kupitia chini ya bahari. Tukadhani yamepita. Disemba 2009 umeme ukakatika tena, na safari hii haukurudi mpaka Machi 2010. Miezi mitatu. Wageni waliandika habari za taa na majokofu. Sisi tulilia maji, kwa kuwa pampu zinazoyavuta kutoka visimani zinatumia umeme, na pampu zisipofanya kazi mfereji ni chuma tu kilichotoka ukutani.

Siku za mwanzo mji ulihangaika. Jenereta zilinguruma kwa wenye fedha. Vijana wa mikokoteni walipandisha bei ya dumu. Kwenye Mji Mkongwe, nyumba nyingi za zamani zina visima ndani au uani, na vingi vilikuwa vimefunikwa kwa mbao, vyengine vimegeuzwa majaa. Vikafunuliwa. Nilimwona mzee mmoja akiwasimamia wajukuu zake wakitoa kisimani matairi, vigae na mwanasesere asiye kichwa, naye akiwatukana wote waliowahi kuishi katika nyumba ile, pamoja na yeye mwenyewe.

Hapo ndipo watu wa shamba tulipopanda cheo. Jirani yangu, mwanamke wa mjini kwa mababu, alikuja mlangoni jioni moja.

"Dada, nasikia kwenu mnaoga watu wanne kwa ndoo moja. Ni kweli, au watu wananitania?"

"Kweli. Ingia nikuoneshe."

Nikamwonesha kwa maneno, kisha kwa mtoto wake, aliyekuwa na jasho la siku mbili. Lita 20 kwa watu wanne ni lita tano kila mtu, na lita tano ni makopo kumi ya nusu lita. Makopo matatu ya kulowesha mwili, ukianzia kichwani ili maji yafanye kazi njia nzima hadi miguuni. Kisha unaacha maji, unajipaka sabuni na kusugua kwa dodoki bila haraka. Makopo sita ya kusuuza. Moja la akiba, kwa sababu sabuni huingia machoni. Unasimama kwenye beseni pana, na maji yaliyokusanyika humo ndiyo yatakayomwagwa chooni. Choo cha kuvuta cha aina ya zamani humeza lita tisa au zaidi kwa mkupuo mmoja, yaani maji ya watu wawili kuoga, kwa haja ambayo makopo matatu yangeiondoa.

Alikaa kimya akipiga hesabu. "Kwa hivyo siku zote nilikuwa namwogesha choo," alisema, tukacheka mpaka mtoto akaanza kucheka naye, bila kujua anacheka nini.

Miezi ile mitatu ilifundisha mji zaidi ya semina zote nilizowahi kualikwa. Wanawake wa jengo letu waliwekeana zamu kisimani. Maji ya kufulia yalikwenda kudeki, ya kudeki yakaenda chooni. Vijana wa kiume walibeba ndoo ngazi hadi ngazi, na ghafla wao ndio waliokuwa wakali kuliko wote kwa anayemwaga. Wazimu huo niliupenda sana, maana nilijua umetoka wapi. Umetoka shingoni.

Umeme uliporudi, mji ulishangilia, na wiki chache baadaye mifereji ilikuwa ikimwagika kama kawaida. Si kila mahali. Jirani yangu hakuliondoa beseni bafuni. Alitia chupa iliyojaa mchanga ndani ya tangi la choo ili kila mkupuo upungue lita moja na nusu. Mfereji wake wa jikoni ulikuwa ukidondosha tone tone miaka mingi. Usiku mmoja akaweka ndoo chini yake, na alfajiri akaikuta imefika nusu. Asubuhi ile ile aliita fundi, na ugonjwa wenyewe ulikuwa kipira cha ndani ambacho bei yake haifiki ya sahani ya biriani.

Jambiani nako nilikuwa nakwenda, na huko kulikuwa na kisa kingine. Mama na wenzake walikuwa wameshaingia kwenye mwani, kilimo kilichoanza Paje na Jambiani mwaka 1989, na baharini walikuwa wakikaa masaa kwenye maji ambayo hawawezi kuyanywa. Nyuma yao, kwenye fukwe, zilijengwa hoteli. Zikachimba visima vyao virefu, zikafunga pampu. Mwanzo hatukuona kitu. Kisha chai ya mama ikaanza kuwa na ladha. Kisima ambacho tulikinywa kwa umri wangu wote kikawa cha kufulia, na kilichokuwa cha kufulia kikaachwa. Ile mita ya juu ilikuwa imepungua, na bahari ikapanda kuidai nafasi yake.

Mwaka 2012 shirika la Uingereza liitwalo Tourism Concern lilichapisha ripoti kuhusu maji na utalii, na Nungwi, Kiwengwa na Jambiani zilikuwa miongoni mwa vijiji vilivyochunguzwa. Ilionesha kwamba mgeni wa hoteli hutumia maji mara nyingi zaidi ya mwenyeji. Hakuna mtu kwetu aliyehitaji ripoti kulijua hilo. Ukipita pwani unaliona bwawa la kuogelea, maji yake ya buluu, hatua chache kutoka bahari nzima. Na unaliona zulia la majani mabichi limemwagiliwa mchana wa saa saba, katika jua ambalo hunywa nusu kabla mizizi haijaonja.

Ndiyo maana sipendi mahubiri ya uhifadhi yanayoanzia kwa mwanamke mwenye ndoo mbili. Huyo hana cha kupunguza. Anayepaswa kuambiwa kwanza ni mwenye pampu, kisha sisi wa mjini wenye mifereji, na baadaye sana, kama kuna muda uliobaki, bibi mwenye kata. Mwenye hoteli anaweza kumwagilia bustani kwa maji ya bafu za wageni wake, usiku na si mchana, na akapanda mikadi badala ya majani ya kigeni. Mita ya maji ifungwe kwenye kila kisima kirefu, na kinachovutwa kisomwe hadharani kijijini. Hayo si magumu kuliko kuteka pangoni.

Sisi wengine tunalo la kufanya ambalo halimsubiri mtu. Nyumba za makuti zimebaki chache. Kila mahali ni bati. Bati la mita 60 za mraba likipata mvua ya milimita 20, nayo ni ya kawaida wakati wa masika, hutoa lita 1,200. Hizo ni ndoo 60, ambazo zamani zingekuwa safari 60 za mtoto wa kike kwenda kisimani na kurudi. Leo maji hayo yanaanguka chini, yanachimba msingi wa nyumba na kujaza mtaro, na siku ya pili yake mwenye nyumba ananunua dumu. Kwa hiyo wewe unayejenga sasa, Unguja, Pemba au popote penye masika, fedha ya mlizamu na tangi itoke kabla ya fedha ya vigae vya sebuleni. Paa unalo tayari.